Mtoto Hukatiwa Wavu

Upanga ninao bado. Uko juu ya dari ya chumba changu hapa Mahege, nimeuviringisha katika kipande cha kanga ya marehemu mke wangu, na juu yake nimeweka gunia tupu la korosho ili mtu akichungulia asiuone. Si upanga wa chuma. Ni pua ya samaki. Ni kitu bapa, kigumu, urefu wake kama kutoka kiwiko changu hadi mwanzo wa kiganja, kina meno pande zote mbili kama kitana cha kuchania nywele. Upande wa shina umekatwa mshazari, kutoka kulia kushuka kushoto. Mkato huo ni wangu. Mimi natumia mkono wa kushoto, na mtu anayenijua angeutambua mkato wangu hata kwenye kigogo cha mhogo.

Samaki mwenyewe tulimwita papa upanga. Si papa hasa, ni ndugu wa taa, yule samaki bapa. Ukimgeuza utaona matundu ya kupumulia yako chini, si ubavuni. Nilizaliwa katika kijiji kimoja cha delta, upande wa chini ya Nyamisati, na nilipokuwa mdogo samaki huyu hakuwa ajabu. Leo mtu wa miaka thelathini aliyezaliwa kijiji hichohicho hajawahi kumwona. Nimeishi miaka mingi nikijiuliza jambo moja tu: je, kuna hata mmoja aliyebaki katika mikono ya mto Rufiji? Kama yupo, kosa langu lina mwisho. Kama hayupo, halina.

Mama zao walikuja kuzaa wakati wa masika, maji ya mto yanaposhuka mekundu na kusukuma chumvi nje. Waliingia kwenye vijito vya ndani, kati ya mikoko, mahali ambapo maji hayafiki kifuani, wakazaa na kurudi baharini. Watoto walibaki huko mwaka, miaka, mpaka wakomae. Mtoto wa papa upanga huzaliwa na upanga wake mzima, ila umefunikwa ute mzito kama ala, ili asimchane mama yake. Baada ya siku chache ala huyeyuka. Nimewahi kumshika mmoja ambaye ala yake ilikuwa haijaisha. Ilikuwa laini kama nyama ya dafu changa.

Tatizo lilikuwa nyavu. Tulitega jarife, wavu wenye macho makubwa, kwenye midomo ya vijito, kwa ajili ya papa na taa. Mtoto wa papa upanga akigusa jarife, kila jino la upanga wake hunasa katika jicho lake la wavu. Akihangaika anazidi kujifunga. Huwezi kumfungua kwa mkono, utachanika wewe.

Wazee wetu walikuwa na kanuni ya maneno matatu: mtoto hukatiwa wavu. Mkubwa alikuwa riziki, alivuliwa na kuliwa. Lakini upanga ukiwa mfupi kuliko mkono wako kutoka kiwiko, unakata nyuzi zote zilizomshika, unamwacha aende, unarudi nyumbani na tundu ambalo mbuzi anaweza kupita. Ijumaa asubuhi, kabla ya swala, wanaume walikaa pwani wakishona matundu hayo. Mwenye tundu kubwa alitaniwa.

"Naona juzi umepewa wajukuu."

"Watatu. Na wote wakorofi kama babu yao."

Siku moja nilimuuliza baba yangu sababu. Nilikuwa nimechoka kumshikia uzi, na mikono iliniuma. Hakuinua macho kwenye sindano yake ya kushonea nyavu.

"Wavu wako unashonwa," akasema. "Yeye atashonwa na nani?"

Nilidhani ni jibu la mtu asiyejua jibu.

Kisha nikaenda sekondari. Katika kijiji chetu sikuwa wa kwanza kuanza, lakini nilikuwa wa kwanza kumaliza kidato cha nne. Somo nililolipenda ni baiolojia. Mwalimu wetu alitoka nyanda za juu, na alituambia waziwazi kwamba hakuwahi kuona bahari kabla ya kupangiwa kazi pwani. Alitufundisha habari za mijusi wakubwa wa kale ambao mifupa yao ilichimbwa huko kusini, upande wa Lindi. Nikamuuliza yule wa mwisho alikufa lini. Akasema hakuna ajuaye, na hata yeye mwenyewe hakujua kwamba ni wa mwisho. Darasa likacheka. Na mimi nikacheka.

Alitufundisha pia kwamba wako wanyama wanaoota upya viungo vilivyokatika. Mjusi huota mkia. Kaa huota gando. Kiti cha pweza, yule wa baharini mwenye umbo la nyota, huota mkono. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani, taja mifano mitatu, na mimi nikapata alama zote. Nimelikumbuka swali hilo kwa zaidi ya miaka arobaini.

Nilirudi kijijini bila kazi ya ofisini niliyoitarajia. Nikaoa, nikaingia katika uvuvi pamoja na kaka wa mke wangu. Huyu shemeji yangu hakusoma hata darasa moja, lakini kwa nyavu na maji hakuwa na mpinzani. Aliniita Msomi. Wakati mwingine aliniita hivyo kwa heshima, wakati mwingine kwa kejeli, na uso wake haukubadilika, hivyo ilibidi nikisie mwenyewe. Wakati huo nyavu za nailoni ndizo zilizokuwa zimeshika. Zilikuwa imara kuliko zile za uzi wa pamba, lakini ghali, na tundu lake gumu kulishona, fundo huteleza.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya masika, mvua imekatika. Jarife letu lilikuwa na watoto wanne wa papa upanga, wamejiviringisha mahali pamoja, na kuwafungua kungemaliza robo ya wavu. Shemeji alitoa kisu chake, akaanza kutafuta uzi wa kuanzia.

"Acha," nikamwambia. "Usikate wavu. Kata upanga."

Akanitazama. "Upanga wa mtoto?"

"Utaota."

"Nani kasema?"

"Kaa ukimvunja gando, haoti lingine?"

"Huota."

"Na mjusi, mkia?"

"Huota."

"Meno ya papa? Si unayaona mwenyewe, likitoka moja, nyuma yake lipo jingine linangoja zamu?"

"Hilo kweli."

"Sasa huo upanga una nini kama si meno?"

Shemeji alifikiri. Kisha akanigeuzia mpini wa kisu. "Haya, Msomi. Ila kata wewe. Mkono wangu mimi haujaenda shule."

Nikakata. Ilitoa sauti kama unakata muwa mbichi. Damu haikuwa nyingi, na hilo nalo nililichukua kuwa ushahidi. Nikavua upanga kwenye wavu polepole, jino kwa jino, nikamtia samaki majini. Alikaa kidogo, akapiga mkia, akaenda upande upande, kama mtu aliyeamka usingizini.

"Kaenda," akasema shemeji.

"Kaenda."

Nikawakata na wale watatu. Upanga wa kwanza niliutia chini ya ubao wa kukalia. Ndio huu ulio juu ya dari.

Tulipofika pwani, wenzetu waliuona wavu kabla ya kutuona sisi.

"Leo hamkupewa wajukuu?"

"Tumepewa wanne," akasema shemeji.

"Mbona wavu mzima?"

Nikawaeleza. Nilisimama ndani ya mtumbwi, suruali nimeikunja magotini, nikawaeleza habari za mjusi, kaa na kiti cha pweza. Mzee mmoja alisema hajawahi kuona papa upanga mwenye upanga unaoota. Nikamjibu kwamba hajawahi kumwona kwa sababu hajawahi kumkata. Watu wakaangua kicheko. Mwingine akapiga kofi: "Kumbe shule ina faida! Mimi nilidhani inafundisha kuvaa soksi tu." Yule mzee alikuwa amekaa na wavu wake mapajani, una tundu la siku ile ile.

Kabla ya masika mawili kupita hakuna mtu aliyekata wavu tena. Jambo lilivuka kwenda vijiji vingine vya delta. Wakata boriti za mikoko walilipeleka hadi vijito ambavyo mimi sijawahi kufika. Nani angekataa? Wavu unabaki mzima, na mtoto anarudi majini akiwa hai, dhamiri yako imetulia. Panga zao zilizagaa pwani. Watoto wetu walizichezea vita. Wanawake walizining'iniza juu ya milango kufukuza mabaya. Ijumaa asubuhi pwani palianza kuwa kimya, maana hapakuwa na cha kushona.

Ndipo ukaja msemo. Mara ya kwanza niliusikia kwa jirani aliyechukuliwa mtumbwi wake na mafuriko. Mwenzake alimshika bega, akamwambia, "Usivunjike moyo, ndugu yangu, upanga wa papa huota." Nilikuwa nimesimama karibu. Nilifurahi sana. Watu wengi husoma na wasiache hata neno moja katika vinywa vya watu, na mimi nilikuwa nimeacha msemo mzima.

Masika ya tatu, tukivuta jarife letu katika kijito kilekile, shemeji alisema wavu ni mzito wa maji tu, hauna samaki. Ulikuwa naye. Alikuwa na urefu wa kunifika kiunoni, lakini alikuwa mwepesi kama gunia la pumba. Kichwa kikubwa, tumbo limeshikana na mgongo, macho yametoka. Mbele ya macho hapakuwa na kitu. Palikuwa na kigutu kilichofunga vizuri, ngozi yake laini na ngumu kama ya kisigino. Hapakuwa na dalili ya kitu kuota. Kigutu kilikuwa mshazari, kutoka kulia kushuka kushoto.

Shemeji aliweka kidole pale, akakipitisha kwa kufuata mshazari. "Huyu ni wako," akasema.

Nikaanza kumfungua wavu.

"Mbona haujaota?"

"Bado. Huchukua muda."

"Muda gani, Msomi? Jeraha limeshafunga. Kitu kikishafunga kinaotea wapi?"

"Mtie majini."

Akamtia majini. Samaki alilala ubavu. Maji yakamgeuza, tumbo jeupe juu, yakamgeuza tena. Shemeji akamsukuma kwa kasia mara moja, kama mtu anayeamsha mgonjwa, halafu akaacha. Tulikaa kwenye mtumbwi bila kuvuta sehemu ya wavu iliyobaki.

"Utawaambia?" akauliza.

"Nitawaambia."

Sikuwaambia. Wakati huo nilikuwa katibu wa kijiji. Watu waliniletea barua zao niwasomee, waliniita kwenye ugomvi wa mipaka, na neno langu lilimaliza maneno. Ningeweza kusema kwamba niliogopa hili au lile, lakini ukweli ni mfupi zaidi. Niliona haya. Nilijiambia ningoje Ijumaa, na Ijumaa ilipofika nilijiambia ningoje nyingine. Shemeji naye hakusema, maana nilikuwa mume wa dada yake, na hakutaka kunivua nguo mbele za watu. Alingoja nijivue mwenyewe.

Tena nilifanya jambo baya kuliko kunyamaza. Katika mtumbwi wetu, sisi wawili, tulirudi kukata wavu. Kimyakimya. Tulirudi pwani na matundu, na watu wakanicheka, "Msomi kasahau somo lake mwenyewe!" Nikacheka nao. Nilisafisha mikono yangu, nikawaacha wengine waendelee kukata kwa neno langu.

Sitaki kusema kwamba mimi peke yangu ndiye niliyewamaliza. Meli za kuvua kamba kwa nyavu za kukokota zilipita huko nje mchana na usiku. Walikuja wanunuzi wa mapezi. Nyavu ziliongezeka mpaka midomo ya vijito ikafungwa pande zote. Watu wanaponiambia hayo nawaelewa, wanataka kunipunguzia. Lakini mkubwa akivuliwa, watoto wake wanabaki vijitoni. Hao watoto ndio waliokuwa akiba, na akiba hiyo niliigusa mimi.

Yule wa mwisho niliyemwona akiwa hai simkumbuki. Nimejaribu sana. Nakumbuka wa kwanza, nakumbuka yule mwenye kigutu, lakini wa mwisho alikuwa samaki tu katika siku ya kazi. Nguva nilimwona mara mbili, na siku zote mbili nazikumbuka, kwa sababu nguva alikuwa nadra tangu zamani. Papa upanga alikuwa wa kila masika. Kitu cha kila masika hukiagi.

Mke wangu alipofariki, binti yetu alinichukua nikakae naye hapa Mahege, kwenye mikorosho na mihogo yake. Nilikuja na begi moja na upanga.

Mwaka jana alikuja msichana wa chuo kikuu, mtu wa bara, anasoma mambo ya samaki. Watu wa Nyamisati walimwambia kuna mzee Mahege mwenye upanga. Alishuka kwenye bodaboda mavumbi mpaka kwenye kope.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Karibu, mwanangu. Umetoka mbali kuja kutazama pua."

Alicheka. Lakini nilipoishusha ile kanga na kuifungua, aliacha kucheka. Alivaa glovu nyembamba, akaupima, akahesabu meno kila upande, akaandika. Akaniambia kwamba papa upanga huzaliwa na idadi yake kamili ya meno, na likitoka moja kabisa, haliji jingine. Si kama ya papa.

"Babu, huyu alikuwa mdogo sana."

"Najua."

"Alikufa kwenye wavu?"

"Tuliwakata panga, tukawarudisha majini. Tulidhani zitaota."

Nilisema *tuli*, si *nili*. Nilijisikia nikisema hivyo, na sikujirekebisha.

Aliuweka upanga juu ya kanga. Kisha akaeleza, taratibu, kama mtu anayemwambia mzazi habari za mtoto. Upanga si silaha tu. Una vitundu vidogo mno, maelfu, na kwa vitundu hivyo samaki husikia umeme mdogo unaotoka kwenye misuli ya samaki mwingine hata katika tope, hata gizani. Kwa upanga anatafuta, kwa upanga anapiga, kwa upanga anabana chakula chini.

"Ukimkata," akasema, "ni kama kumpofusha mtu na kumkata mikono siku moja, halafu ukamwambia nenda ukajitafutie."

"Anaishi muda gani?"

"Inategemea, babu. Wengine huishi muda mrefu. Wanakonda."

"Ndiyo," nikasema. "Wanakonda."

Alinieleza kazi iliyomleta. Alikuwa na chupa na karatasi za kuchujia maji. Samaki, alisema, huacha vumbi la mwili wake popote anapopita, ute, ngozi, kinyesi. Ukichuja maji na kuyapeleka maabara, yanakuambia nani amepita. "Hata usipomwona," akasema, "maji yanamjua."

Moyo wangu uliruka. Nilikuwa na miaka mingi sijausikia ukifanya hivyo. Nikamwambia nitampeleka mwenyewe kwenye vijito, vile ambavyo vijana hawavijui.

Nyamisati tulimkuta shemeji amekaa kibarazani kwake, mguu wa kulia umefungwa kitambaa. Alikuwa na sukari, na kidonda cha kidole hakikutaka kupona.

"Lo! Msomi kaleta msomi mwenzake," akasema.

"Huyu ni wa kweli," nikamjibu.

"Basi afadhali. Yule wa mwanzo alitutia hasara." Alimtazama msichana, akamchekea, na msichana akadhani ni utani wa mashemeji. Tulipomwomba aje nasi aliunyoosha mguu wake. "Na huu? Nendeni. Mkimwona mpeni salamu. Mwambieni Msomi anaomba radhi, ila kwa siri."

Tulizunguka siku mbili kwa boti ya mashine. Baadhi ya vijito vilikuwa vimeziba, mikoko imekatwa, kuna mashamba ya mpunga mahali ambapo zamani tulitega. Lakini kijito chetu kilikuwepo. Msichana alichota maji, akayasukuma kupitia ile karatasi mpaka ikageuka rangi ya chai. Mimi niliangalia maji na kumwomba Mungu anipe samaki mmoja tu. Sikumwomba wawili. Nilijua mmoja hafai kitu, samaki hazai peke yake, hilo nalo nililisoma kidato cha pili. Hata hivyo nilimwomba mmoja.

Majibu yalichukua miezi. Alinipigia simu mchana mmoja nikianika korosho. Aliniuliza habari za afya, za binti, za mvua, akarefusha salamu mpaka nikajua.

"Babu, tumepata wengi. Taa, papa wadogo, kambale, mamba. Hata kiboko aliyepita juu huko."

"Na yeye?"

"Hapana, babu." Kisha akaharakisha: "Lakini haina maana kwamba hayupo kabisa. Maji ni mengi, chupa zetu zilikuwa chache."

"Mwanangu, hayo unayaamini au unanibembeleza?"

"Sijui, babu," akasema.

Nilimshukuru. Hakunidanganya, na alikuwa na umri uleule niliokuwa nao mimi siku ile nilipodanganya.

Nilipanga kwenda Nyamisati kumwambia shemeji, lakini habari zake zilinitangulia. Alikuwa amelazwa hospitali ya Mchukwi. Kidonda kilikuwa kimepanda, na madaktari walikuwa wameukata mguu chini ya goti ili kuokoa mwili uliobaki. Nilimkuta amelala kitanda cha pembeni, amepungua, kichwa kimekuwa kikubwa. Mke wa mwanawe alikuwa anamnywesha uji. Tulisalimiana. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda, upande ambao ulikuwa na nafasi, halafu nikaelewa kwa nini una nafasi, nikainuka.

"Kaa tu," akasema. "Hapana mtu hapo."

Yule mwanamke alimfuta mdomo. Alimwona amefumba macho akadhani anasikitika, akamwambia kwa upole, kama watu wanavyowaambia wagonjwa kila siku katika wodi hii na nyingine:

"Usihuzunike, baba. Upanga wa papa huota."

Shemeji alifumbua macho. Mabega yake yakaanza kutikisika, na mwanamke akaogopa, akadhani ni maumivu. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka uji ukampalia.

"Muulize huyu," akasema, akaninyooshea kidole. "Hayo maneno ni yake. Haya, Msomi. Sema. Huota?"

Mwanamke alinitazama akitabasamu, anangoja utani.

"Hauoti," nikasema.

Tabasamu lilimtoka. Akaweka kijiko. "Mzee, mgonjwa haambiwi hivyo."

"Mwache," akasema shemeji. "Kachelewa, lakini mwache aseme."

Basi nikasema. Nilisema habari za wale wanne, na kisu, na hotuba yangu pwani, na yule mwenye kigutu, na kwamba nilijua tangu masika yale ya tatu na nikafunga mdomo kwa sababu ya haya. Safari hii sikusema *tuli*. Nilisema *mimi*. Mgonjwa wa kitanda cha pili aligeuka kusikiliza, na mtu aliyekuja kumtazama akaacha kumenya chungwa. Ulikuwa ni mkutano wangu wa kijiji, nao haukuwa na mvuvi hata mmoja isipokuwa yule ambaye alijua tayari.

Nilipomaliza, mwanamke alikuwa ananitazama kwa mashaka, si kwa hasira.

"Kwa hiyo ni samaki?" akauliza.

"Nani?"

"Papa upanga. Mimi nilidhani ni msemo tu."

Nikajaribu kumwonyesha kwa mikono. Nikamwonyesha urefu, nikamwonyesha meno pande mbili, nikaweka mkono mbele ya pua yangu na kuupeleka kushoto na kulia, jinsi alivyokuwa akipiga. Aliangalia kwa adabu. Niliona kwamba hamwoni.

Muuguzi alipita, akasema muda wa kutazama wagonjwa umekwisha. Nilisimama nikachukua kofia yangu. Shemeji alinishika mkono wa kushoto, ule wa kisu.

"Yule binti wa chuo alisema nini kuhusu maji?"

"Hayamjui tena."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ambayo alishaijua. Kisha akavuta shuka, akaifunika vizuri ile sehemu ya kitanda iliyokuwa haina kitu.